Kujifunza Taa kwa Mzee Ireri

Mwezi uliopita tulimzika Mama Wanja kule Manyatta, juu kidogo ya mji wa Embu, kando ya kaburi la mumewe aliyetangulia miaka sita kabla yake. Nilisimama nyuma, miongoni mwa majirani, pale shamba la mahindi linapopakana na la chai. Wengi walinisalimia kwa jina, maana nimekuwa nikifika katika boma lile tangu nikiwa msichana. Mumewe, Mzee Ireri, ndiye aliyenifundisha kazi ya taa, kazi ambayo imenilisha hadi leo. Nimepanga taa za makanisa, za hoteli, za kumbi za harusi, na kila ninapoulizwa nilisomea wapi huwa nataja chuo changu cha Meru na kuishia hapo. Sijawahi kueleza juu ya mwaka mmoja wa kwenda Embu kila Jumamosi, wala jinsi mwaka huo ulivyokwisha. Kulikuwa na mtu mmoja ambaye niliombwa asije akajua. Mtu huyo ni Mama Wanja, na sasa amelala.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja, niko mwaka wa pili, nikisomea usanifu wa ndani ya majengo. Nilikuwa nimepanga chumba pale Nchiru, karibu na chuo, pamoja na Kananu, msichana wa Kanyakine aliyekuwa akisomea ualimu. Kilikuwa chumba cha mbao na mabati chenye kitanda kimoja, nasi tulilala mzungu wa nne, miguu yake kichwani kwangu na yangu kichwani kwake. Katikati ilining'inia balbu dhaifu ambayo mwenye nyumba alitukataza kuibadilisha, kwa hofu kwamba balbu yenye nguvu ingemalizia wengine stima. Tulichemsha githeri ya mahindi na maharagwe Jumapili tukaila hadi Jumatano, na ilipoanza kuchacha tuliikaanga upya kwa kitunguu kingi ili tusiisikie. Upande wa pili wa ukuta alikaa mama mwenye kioski na mumewe. Kila asubuhi tuliwasikia wakisali kwa Kimeru, kisha wakizozana, kisha mmoja wao akicheka. Nikikumbuka chumba kile sasa, nashangaa kwamba nilikuwa na furaha mwanzoni mwa mwaka. Niliyaona maisha kama kitu ambacho kingenisubiri nikiwa tayari.

Mambo yalianza siku wanafunzi wenzetu walipokwenda kuigiza katika ukumbi mmoja mjini Embu. Mimi sikuwa mwigizaji, nilikwenda kubeba mapazia na viti. Nilikuwa nimesimama kando ya jukwaa pale msichana mmoja tuliyesoma naye, mtu wa kucheka ovyo, alipoketi kwenye kigoda kuigiza ajuza. Mwanga uliokuwa mbele yake ukafifia polepole, mwingine ukamjia kutoka juu, na usoni mwake nikaona mashimo ya macho, mifupa ya mashavu, uchovu wa miaka themanini. Hakuwa amepakwa chochote. Niligeuka kutafuta aliyefanya hivyo, nikamwona mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu, ameketi nyuma ya ukumbi mbele ya ubao wa swichi, akitafuna majani ya muguka kana kwamba hakuna alilofanya. Maonyesho yalipokwisha nilimwendea nikamwomba anionyeshe. Aliniuliza kama nina haraka ya kurudi Meru. Nikasema sina, ingawa basi la chuo lilikuwa tayari linapiga honi nje.

Mwaka ule kila mmoja wetu alitakiwa kuchagua kazi kubwa moja ambayo ingeamua kama ataingia mwaka wa tatu. Niliandika kwamba yangu itakuwa ya taa. Mkuu wa idara, Bwana Mwiti, aliniita ofisini. Hakuwa mtu mbaya. Alinieleza kwa upole kwamba hapakuwa na mwalimu wa taa, wala chumba cha kuzijaribia, na kwamba taa ni kazi ya watu wa stima. Nichague fanicha au mapazia kama wenzangu. Nilipokataa mara ya pili upole ulimwisha. Nilijaribu kumwonyesha. Nilitengeneza jukwaa dogo ndani ya katoni, nikatoboa matundu, nikaweka vibalbu vya tochi vilivyozibwa kwa karatasi za peremende za rangi mbalimbali. Kananu alilalamika kwamba hana pa kuweka vitabu, lakini nilipoviwasha alipiga magoti sakafuni na kuchungulia ndani. Bwana Mwiti hakupiga magoti. Alisema hicho ni kichezeo. Nikiwa nje ya mlango nafunga katoni kwa kamba, nilimsikia akimwambia mwalimu mwenzake, "Huyo wa taa hatafika mwaka wa tatu. Ni vibaya tu, maana ana akili."

Basi kila Jumamosi nikaenda Embu. Mzee Ireri hakuwa ameajiriwa rasmi; alikuwa kibarua wa kamati iliyosimamia ukumbi, akifagia, akipanga viti, akitunza taa. Kazi ile aliijulia Nairobi ujanani mwake, akarudi nayo nyumbani ambako hakuna aliyejua ni kazi. Taa nyingine alikuwa amezitengeneza mwenyewe kwa mikebe mikubwa ya mafuta ya kupikia, iliyopakwa masizi kwa nje. Kwa wiki tatu hakunikubalia niguse swichi hata moja. Alinifanya nikae kwenye kila kiti cha ukumbi ule, kimoja baada ya kingine, naye akiwasha na kuzima, nimwambie ninaona nini na nini sioni. "Wewe unataka kuangaza," aliniambia. "Kwanza zima zote. Halafu ujiulize huyu mtu aliyekaa hapa anahitaji kuona nini." Saa saba mkewe alimletea chakula kutoka Manyatta, au akakituma kwa mtu, viazi vilivyopondwa na maharagwe meusi ya njahi ndani ya bakuli lililofungwa kwa leso. Mzee alikula nusu, akafunga leso, akaisukuma upande wangu. Nadhani nusu hiyo ndiyo niliyoishi nayo mwaka ule, kwa sababu pesa zangu za chakula zilikuwa zinaishia kwenye nauli.

Kufikia muhula wa pili nilikuwa nimeanza kuanguka. Nilikosa masomo mengine. Michoro ya fanicha niliyotakiwa kutoa sikuitoa, na barua ya onyo ikaja, ikisema kwamba kama kazi kubwa haitafaulu nitaondolewa chuoni. Niliikunja nikaiweka chini ya godoro, na kwa siku kadhaa nililala juu yake bila kumwambia mtu. Nywele zilinitoka upande mmoja wa kichwa, kipande cha ukubwa wa sarafu, nikawa nafunga kitambaa hata darasani. Nilikuwa siwezi tena kuingia chumba cha mtu bila kutazama dari, na siwezi kumsikiliza mtu akizungumza bila kuona jinsi kivuli cha pua kinavyomwangukia mdomoni. Kananu alipoipata ile barua akitandika kitanda, aliketi nayo mapajani. Aliniambia nirudi kwa Bwana Mwiti nikaombe msamaha, nichore kiti, kiti tu, niokoke. Nikamwambia nikichora kiti nitakufa. Nakumbuka nilivyosema vile, bila kupaza sauti, na jinsi alivyonitazama kwa woga. Leo nina binti wa umri ule, na akiniambia maneno kama hayo nitafunga mlango na kukaa naye mpaka kesho. Wakati ule hatukuwa na mtu wa kufunga mlango.

Mlango mmoja ulifunguka. Kikundi cha walimu wa Embu kilikuwa kinaandaa mchezo, nao wakamwomba Mzee Ireri awapangie taa. Akawaambia msichana fulani wa Meru ndiye atakayepanga. Nilimwandikia Bwana Mwiti barua, nikamsihi aje na mwenzake Jumamosi ya maonyesho, wanipime pale ukumbini. Nikishindwa nitaondoka mwenyewe. Sijui kwa nini alikubali. Labda alichoka. Mchezo wenyewe ulikuwa wa mama anayepukuchua maharagwe mlangoni, watu wanamjia mmoja mmoja na kuzungumza mambo ya kawaida, na hakuna anayethubutu kumwambia kwamba mwanawe amekufa. Mwisho anaelewa bila kuambiwa, na mikono yake inasimama ndani ya ungo. Nilitaka mwanga wote uzimike ukumbi mzima, ibaki mikono ile tu.

Ijumaa mchana, siku moja kabla, tulikuwa wawili tu ndani. Walimu walikuwa bado shuleni, na fundi aliyezoea kumsaidia Mzee alikuwa amekwenda kwenye mazishi Runyenjes. Kila nilipojaribu taa ile ya mwisho, iliangukia magoti ya mama badala ya mikono. Ilihitaji kusogezwa kwenye bomba la chuma lililoibeba kule juu, labda upana wa viganja viwili. Mzee Ireri aliitazama akasema tutaisogeza kesho asubuhi, fundi akiwa amerudi, kwa sababu ngazi ile ya mbao ilikuwa ndefu na sakafu ya saruji ilikuwa imeng'arishwa kwa nta. Nikamwambia kesho asubuhi nitakuwa nimechelewa. Nikamwambia kila kitu changu kiko kwenye taa ile. Sikulia, lakini nadhani alisikia kilio sautini mwangu.

"Utanishikia?" akauliza.

"Nitakushikia, Mzee."

Alivua kofia yake ya sufu akaiweka kwenye kiti cha mstari wa mbele, akapanda. Alipanda polepole, akipumzika kila kipandio cha tatu, nami nimekumbatia miguu ya ile ngazi kwa mikono yote miwili, shavu langu likigusa mbao. Nilimsikia akilegeza skrubu, akiisogeza taa. Taa yenyewe ilikuwa inawaka. Akauliza, "Hapo?" Kutoka pale nilipokuwa nimesimama sikuweza kuona jukwaa, nilichoona ni miguu yake tu na vumbi likishuka. Nikasema ngoja. Nikaiachilia ngazi. Nilikwenda hatua nne au tano, hazikuzidi tano, mpaka mahali ambapo ningeweza kuona, na nikageuza uso kuelekea jukwaani. Ungo ulikuwa mahali pake juu ya kigoda, na maharagwe tuliyoyaacha ndani yake yalikuwa mekundu, kila punje na kivuli chake. Yalikuwa mazuri kuliko kitu chochote nilichokuwa nimewahi kukipanga. Nilifungua mdomo kumwambia ni hapo. Sauti niliyoisikia nyuma yangu ilikuwa ya mbao ikikwaruza saruji.

Hakupiga kelele. Nilimkuta amelala ubavu, mguu umekunjika vibaya, macho wazi, akipumua kwa vipande vidogo. Nilikimbia nje nikiita watu, na wafanyabiashara wa duka la pili, Waislamu wawili ndugu waliokuwa na gari la mizigo, wakamlaza juu ya magunia na kumpeleka hospitali. Nilikaa nyuma naye nikimshika kichwa. Njiani aliuliza mara moja tu kama nimezima stima, maana taa za mikebe hupata moto sana zikiachwa.

Pale hospitali, kwenye benchi la nje, alikuja karani wa kamati ya ukumbi akiwa na daftari. Madaktari walikuwa wamekwisha kutuambia kwamba nyonga na mgongo vimevunjika. Mama Wanja alikuwa ndani pamoja naye. Karani alitaka kujua nani alimtuma mzee apande, na nani alikuwa ameshika ngazi. Alieleza, bila ukali wowote, kwamba kama kuna mtu wa nje aliyeingilia taa itabidi maonyesho yasimamishwe na chuo changu kiandikiwe barua. Niliiona barua ile akilini. Niliiona ikifunguliwa mezani kwa Bwana Mwiti.

"Alipanda mwenyewe," nikasema. "Mimi nilikuwa mbali."

Akaandika. Aliandika vizuri, herufi za kusimama, kisha akanipa pole, akaondoka.

Jumamosi mchezo ulifanyika. Walimu walisema wenyewe kwamba Mzee angetaka hivyo. Niliketi mbele ya ubao wa swichi, kwenye kiti chake, na Bwana Mwiti akaketi mstari wa pili na mwenzake. Mwisho ulipofika nikazima zote, moja baada ya nyingine, ikabaki ile aliyoiweka yeye. Mama akasimamisha mikono ndani ya ungo. Mwanamke mmoja upande wa kushoto akaanza kulia kwa sauti kama ya msibani. Bwana Mwiti alikuja nyuma kunipa mkono. Alisema alikuwa amekosea kuhusu mimi. Nilipata alama za juu kuliko mwanafunzi yeyote wa darasa letu, na barua ya onyo ikafutwa. Nilirudi Nchiru nikamkuta Kananu amepika chapati ili tusherehekee. Nilikula mbili nikaenda nyuma ya vyoo nikazitapika zote. Nilimwambia ni mafuta.

Mzee Ireri hakutembea tena. Kamati iliandika kwamba alipanda bila ruhusa na bila msaidizi, kwa hiyo haikuwa na wajibu kwake, na mwezi uliofuata akawekwa mtu mwingine. Nilikaa wiki tano kabla ya kupata nguvu za kwenda Manyatta. Mama Wanja alinipokea kwa mikono miwili, akanipikia chai ya maziwa, akamwita binti yake Wanja, aliyekuwa shule ya msingi bado, aje amsalimie mgeni wa baba. Mzee alikuwa amewekwa kitandani karibu na dirisha. Nilikuwa nimejiandalia maneno tangu Meru. Kabla sijayatoa aliniuliza kama mikono ilionekana. Nikasema ilionekana. Akauliza kama palikuwa na mwanga wowote uliomwagikia sakafuni, nikasema hapana. Aliridhika, akafumba macho, nami maneno yangu nikarudi nayo Meru. Nikawa nakwenda tena na tena, kwanza kila mwezi, baadaye, kazi ziliponishika, mara mbili tatu kwa mwaka. Nilimpelekea picha za kumbi nilizozipanga. Alizitazama kwa makini, akanionyesha makosa, na kwa kawaida alikuwa sahihi. Ngazi hatukuitaja hata siku moja kwa miaka yote ile. Nilijidanganya kwamba amesahau.

Alipofariki nilifika siku ya mazishi asubuhi, nikamkuta Wanja jikoni akisimamia masufuria. Alikuwa mwalimu sasa, mama wa watoto wawili. Mwili ulikuwa bado haujaletwa. Nilimwomba tutoke nje kidogo, tukasimama kando ya zizi la ng'ombe, na pale nikamwambia. Nilimwambia baba yake alikataa kupanda na mimi ndiye niliyemsihi, kwamba niliahidi kushika ngazi nikaiachilia, na kwamba nilimwambia karani nilikuwa mbali. Nilisema kwa haraka, bila kumtazama. Nilipomaliza nikainua macho. Hakuwa na hasira. Alionekana kama mtu anayejaribu kusoma kitu kilichoandikwa vibaya.

"Baba alituambia ulimshikia mpaka mwisho," akasema. "Alisema ngazi iliteleza ukaing'ang'ania, mpaka ikakuchubua viganja vyote viwili. Kila mtu akimuuliza, alisema hivyo, nasi tukaamini kamati ndiyo iliyoandika uongo."

Viganja vyangu havikuwa vimechubuka popote. Niliposikia hivyo nikajua kwamba hakusahau. Alikuwa amenisikia nikiondoka, hatua zile tano, akiwa kule juu, na baadaye akakaa kitandani akanitungia jambo ambalo ningeweza kuishi nalo mbele ya mkewe.

Wanja alifuta macho kwa pembe ya leso. "Dada, mama asijue," akasema. "Amekuombea kila Jumapili. Ukimwondolea hilo leo atabaki na nini?" Kisha akaitwa jikoni, akaenda.

Baada ya maziko Mama Wanja aliniita niketi karibu naye kwenye benchi la wafiwa, mahali pa jamaa. Wanawake wa kanisa walikuwa wanapita kumpa pole. Kila mmoja alipofika mbele yetu, mama aliniwekea mkono begani akamwambia kwa Kiembu kwamba huyu ndiye yule msichana aliyemshikilia mzee ngazini. Wanja alikuwa amesimama mlangoni, ananitazama. Bibi mmoja mzee sana aliinama, akavichukua viganja vyangu, akavigeuza juu, akavipapasa kwa vidole vyake vigumu akitafuta makovu. Hakupata hata moja, lakini alivibariki hivyo hivyo. Mimi nikamwachia avishike.